Jinsi ya Kupanga Vituo vya Sampuli kwa Ajili ya Kutabiri Mtawanyiko wa Makazi ya Viumbe wa Bahari ya Pwani

Ghuba ya Chwaka, iliyo mashariki mwa kisiwa cha Unguja, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 50 maji yanapojaa. Kifaa kinachotumika sana kuchunguza nyasi bahari ni fremu ya mraba yenye upande wa sentimita 50, ambayo hufunika robo ya mita ya mraba. Mtafiti akiiweka fremu hiyo mahali 400, na hiyo ni kazi kubwa, atakuwa ameona kwa macho yake mita za mraba 100 tu, yaani sehemu mbili katika kila milioni ya ghuba. Kila kitu kingine kitakachochorwa kwenye ramani yake, nyasi, mchanga, matumbawe na tope, kitakuwa kimetabiriwa na modeli ya kompyuta iliyojifunza kutokana na vituo hivyo 400. Kwa sababu hiyo uamuzi wa wapi fremu itue una uzito kuliko uamuzi wa programu gani itumike baadaye, na ndio unaostahili kupewa muda mwingi kabla boti haijakodiwa. Mwongozo huu unatumia Chwaka kama mfano kwa kuwa ghuba hiyo ina mikoko, tambarare za kupwa na kujaa, nyasi bahari, mikondo (njia za kina ambamo maji hupita) na matumbawe kwa pamoja, lakini taratibu zake zinafaa pia Mafia, Lamu au Vanga.

Swali kwanza

Amua unataka ramani ikujibu nini. Anayetaka kujua nyasi bahari zinachukua hekta ngapi katika ghuba nzima anahitaji sampuli iliyochaguliwa kwa nasibu, ambamo kila sehemu ya ghuba ilikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Anayetaka kujua ni mazingira gani yanafaa kwa aina moja ya nyasi bahari, tuseme Thalassodendron ciliatum, anahitaji vituo vinavyogusa hali zote zilizopo, pamoja na zile ambazo anaamini aina hiyo haiwezi kuota. Anayetaka kufuatilia mabadiliko anahitaji vituo vya kudumu atakavyovirudia. Mpango mmoja unaweza kuhudumia maswali mawili, lakini hauwezi kufanya hivyo kwa bahati. Ni lazima uandikwe hivyo tangu mwanzo.

Andika pia aina za makazi utakazozitambua, ukiweka mipaka ya namba. Kwa mfano, nyasi zilizosongamana ni zile zinazofunika zaidi ya asilimia 50 ya sakafu, nyasi chache ni kati ya asilimia 10 na 50, na chini ya hapo mahali hapo ni mchanga au tope. Matumbawe hai yatengwe na vipande vya matumbawe yaliyokufa. Mwani unaoota wenyewe, kama Halimeda ambao mabaki yake ya chokaa huwa sehemu ya mchanga wa ghuba, uwe na nafasi yake. Chwaka na vijiji jirani kuna jambo jingine la lazima: mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989, na shamba lenye kamba zilizojaa mwani, likitazamwa kutoka juu, huwa doa jeusi linalofanana sana na nyasi bahari. Usipolitengea shamba hilo aina yake, modeli itayaita mashamba hayo nyasi, na itafanya hivyo ghuba nzima.

Ukubwa wa kituo uende sambamba na picha utakayotumia. Picha za setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ya kwanza ikiwa ilirushwa mwaka 2015, hutolewa bure, na kwa rangi ya buluu, kijani na nyekundu kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, hufunika mita 10 kwa 10. Fremu moja ya nusu mita haiwezi kuisemea pikseli kama hiyo. Weka fremu tatu hadi tano ndani ya eneo la kituo, uzitawanye, kisha uchukue wastani. Wala usisahau kwamba GPS ya mkononi, hata chini ya anga wazi, hukosea kwa mita 3 hadi 5, ambayo ni karibu nusu ya pikseli.

Kugawa ghuba katika matabaka

Njia ninayoipendekeza kwa pwani yetu ni sampuli nasibu iliyopangwa kwa matabaka. Maana yake ni kwamba unaigawa ghuba katika sehemu zinazofanana ndani yake kabla ya kwenda baharini, halafu ndani ya kila sehemu vituo vinachaguliwa kwa nasibu. Matabaka hayo hutokana na mambo yanayoongoza maisha ya viumbe chini ya maji: kina, mwanga, aina ya sakafu, nguvu ya mawimbi, na umbali kutoka kwenye mikoko, mkondo au mwamba.

Picha ya setilaiti ndiyo msingi, na kuichagua kunahitaji kuyajua maji. Sentinel-2 hupita karibu saa 4:30 asubuhi kwa majira ya jua. Unguja, siku za bamvua, maji yanapopwa na kujaa kwa wingi, hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na siku za maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo, saa hizo hizo huwa yako karibu na kujaa. Kwa hiyo picha ya bamvua itakuonyesha tambarare zikiwa zimekauka au zikiwa na maji ya kifundoni, na picha ya maji mafu itakuonyesha ghuba ikiwa imefunikwa. Chukua zote mbili: tofauti yake inakuchorea mpaka wa eneo la kupwa na kujaa bila wewe kukanyaga tope. Kuhusu msimu, kuelekea mwisho wa kaskazi, kati ya Februari na mwanzo wa Machi, upepo hupungua na mvua za masika bado hazijaanza kuchafua maji. Lakini jua huwa juu sana wakati huo na mng'ao wake juu ya uso wa maji unaweza kuiharibu picha. Wakati wa kusi, Juni na Julai, mng'ao hupungua, ila mawimbi huchafua maji upande wa mashariki. Pitia picha nyingi, usikubali ya kwanza kwa sababu tu haina mawingu.

Fahamu vilevile mipaka ya picha yenyewe. Mwanga mwekundu humezwa na maji ndani ya mita chache za mwanzo, na wa buluu ndio unaoshuka zaidi. Ndiyo maana mchanga mweupe ulio kwenye kina cha mita 12 unaweza kuonekana mweusi kuliko nyasi zilizo kwenye mita 1. Usigawe matabaka kwa rangi peke yake. Changanya rangi na kina. Mgawanyo unaofaa kuanzia ni huu: sehemu zinazokauka maji yakipwa, kisha chini ya mita 2, mita 2 hadi 5, mita 5 hadi 10, na zaidi ya 10, halafu kila kina kigawanywe kwa rangi nyeupe na nyeusi. Utapata matabaka kama 8 au 10. Zaidi ya hapo vituo vitatawanyika mno hadi tabaka moja libaki na vituo viwili vitatu visivyosema lolote.

Kabla ya kuyafunga matabaka hayo, kaa na wavuvi na wakulima wa mwani ukiwa na picha iliyochapishwa kwenye karatasi kubwa. Mvuvi wa madema anajua mlango wa mkondo uko wapi, fungu lipi limehama, na mahali ambapo nanga hushika mwamba na ambapo huburuta kwenye mchanga. Maarifa hayo ni ya thamani mno katika kuchora mipaka ya matabaka. Hata hivyo yasitumike kuchagua vituo vyenyewe, kwa sababu mvuvi anakumbuka zaidi mahali penye samaki, na modeli inahitaji kuambiwa kuhusu mahali pasipo na kitu.

Kugawa vituo

Tuseme una uwezo wa vituo 200. Ukivigawa kwa kufuata ukubwa wa tabaka, mkondo unaochukua asilimia 3 ya ghuba utapata vituo 6, na huenda hapo ndipo matumbawe mengi yalipo. Vituo 6 havitoshi kuifundisha modeli wala kuipima. Lipe kila tabaka kiwango cha chini, tuseme vituo 15, na yale madogo yenye makazi ya pekee uyape hadi 30, kisha vilivyobaki uvigawe kwa ukubwa.

Uamuzi huo una gharama ambayo watu wengi huisahau baadaye. Kituo cha tabaka kubwa na kituo cha tabaka dogo havisemei eneo sawa tena. Tabaka la hekta 4,000 lenye vituo 80 linafanya kila kituo kisimame badala ya hekta 50. Mkondo wa hekta 150 wenye vituo 30 unafanya kila kituo kisimame badala ya hekta 5. Ukijumlisha vituo vyote pamoja na kusema "asilimia fulani ya vituo vina matumbawe, basi asilimia hiyo hiyo ya ghuba ni matumbawe", utakuwa umeukuza mkondo mara 10 ukilinganisha na tabaka lile kubwa. Andika uzito wa kila kituo, yaani hekta ambazo kinasimama badala yake, kwenye safu yake ndani ya jedwali siku ile ile unapokichagua, na usiutenganishe na kituo hicho kamwe.

Namba ya vituo vya kupima usahihi unaweza kuikadiria kwa hesabu fupi. Kama unatarajia ramani iwe sahihi kwa asilimia 85 na unataka kuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba kipimo chako hakikosei zaidi ya asilimia 5 juu au chini, sampuli nasibu ya kawaida inahitaji vituo 196. Ukikubali kukosea asilimia 10, vinatosha 49. Ona jinsi gharama inavyopanda: kuupunguza wasiwasi kwa nusu kunadai vituo mara nne. Kwa upande wa kuifundisha modeli hakuna namba moja inayofaa kote. Ninachoshauri ni kuifundisha kwa robo ya vituo, kisha nusu, kisha vyote, na kutazama kama usahihi bado unapanda. Ukiwa bado unapanda, vituo havijatosha.

Umbali kati ya vituo

Majirani baharini hufanana. Kituo kilicho mita 20 kutoka kwa mwenzake, ndani ya uwanja mmoja wa Enhalus acoroides, hakikuambii karibu lolote ambalo la kwanza halijasema, ingawa kinachukua muda na mafuta yale yale. Nasibu tupu ina udhaifu hapa, kwani mara nyingi hurundika vituo pembe moja na kuacha nyingine tupu. Dawa yake ni nasibu iliyosawazishwa kwenye eneo, mbinu ambayo Stevens na Olsen waliieleza mwaka 2004. Mbinu hiyo hutawanya vituo ghuba nzima huku ikihifadhi unasibu wake, na kuviorodhesha kwa mpangilio ambao, ukiufuata kuanzia juu, popote utakapokomea vituo ulivyomaliza vitakuwa bado vimeenea ghuba yote. Vifurushi vya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, vinavyoifanya kazi hiyo vinapatikana bure, na vituo vyake vikishapatikana vinaweza kufunguliwa kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani. Tumia kipimo cha mita katika kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa kutaja mahali kwa mita, ambayo inafunika pwani yote ya Tanzania na Kenya, ili umbali usomeke moja kwa moja.

Gridi iliyopangwa kwa umbali sawa ni nzuri pale usipokuwa na picha wala ramani ya kina, mradi mistari yake isiende sambamba na kitu kinachojirudia sakafuni. Mashamba ya mwani yamepangwa kwa safu, na matuta ya mchanga pia. Gridi ikilingana nayo, utaangukia kamba kila mara au utazikosa zote. Mistari inayotoka ufukweni kwenda kilindini inafaa kuonyesha jinsi kina kinavyobadilisha makazi. Lakini fremu 50 kwenye mstari mmoja si vituo 50 huru. Wakati wa hesabu uuchukulie mstari mzima kama sampuli moja.

Kuna njia moja ambayo ningeiondoa kabisa: kusimamisha boti pale sakafu inapoonekana vizuri. Inajificha kwa urahisi sana, kwa sababu nahodha mwenye moyo wa kusaidia atakupeleka penye maji safi na nyasi nzuri, na kila mtu atarudi ameridhika. Ramani itakayotoka humo itaona nyasi kila mahali penye kina kifupi, na itakuwa haijui lolote kuhusu maji machafu yaliyo karibu na mikoko.

Baharini

Pata kibali cha utafiti, kisha ujitambulishe kwa sheha wa kila shehia utakayofika na kwa kamati ya wavuvi. Ratiba igawanywe kwa maji. Siku za bamvua tembea kwa miguu kwenye tambarare, ukianzia vituo vya mbali wakati maji bado yanapwa na kurudi nayo nyuma yako yanapoanza kujaa, maana kwenye tambarare pana maji hujaa haraka kupitia vijito na kumfungia mtu njia. Siku za maji mafu, mikondo ikiwa dhaifu, fanya vituo vya kina kwa boti.

Kwenye kituo cha boti, kamera ishushwe kwa kamba iliyopigwa alama kila nusu mita. Kipimo cha GPS kichukuliwe wakati fremu inapogusa sakafu. Boti ikiwa imezimwa injini bado huchukuliwa na maji, na kusoma GPS mapema kunaweza kukuhamisha pikseli mbili. Kwenye kina kifupi, kabla ya kukadiria asilimia, tenganisha majani marefu kwa mkono. Enhalus ikilala na mkondo hufunika fremu nzima ilhali mashina yake ni machache, na chini yake mara nyingi kuna Halophila ovalis fupi ambayo asiyeinama hataiona. Wakadiriaji wote waanze siku kwa kukadiria fremu zile zile hadi makadirio yao yakaribiane.

Kina unachokipima si kina cha ramani. Ukipata mita 3.4 na jedwali la maji likionyesha kwamba saa hiyo maji yako mita 2.1 juu ya kiwango cha sifuri, andika mita 1.3. Katika ghuba ambamo bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3, kina kisichosahihishwa hakina maana kwa modeli. Kwa hiyo saa iandikwe kwenye kila fomu.

Kituo kisicho na kitu kiandikwe kwa uangalifu ule ule wa kituo chenye nyasi: mchanga mtupu, asilimia sifuri, picha, kina, saa. Kituo kisichofikika, kwa mfano kwa kuwa kimeangukia ndani ya shamba la mtu na mwenyewe hajaridhia, kiandikwe sababu yake, na nafasi yake ichukuliwe na kituo cha akiba kinachofuata kwenye orodha ya tabaka lile lile. Kukisogeza mita 100 hadi mahali panapopendeza kunaharibu nasibu yote uliyoijenga.

Kutabiri na kupima

Modeli inayotumika sana kwa kazi hii ni ile inayojenga miti mingi ya maamuzi na kuipigisha kura, iliyoelezwa na Leo Breiman mwaka 2001. Inafanya kazi vizuri, na hilo ndilo linalowapumbaza watu. Ukizigawa data zako kwa nasibu, asilimia 70 za kufundishia na 30 za kupimia, kituo cha kupimia kitakuwa na jirani yake wa karibu miongoni mwa vya kufundishia, na modeli itajibu kwa kumkumbuka jirani. Alama zitakuwa za juu, na ramani itakuwa dhaifu kule ambako hukufika. Wakati wa kuchagua modeli, igawe ghuba katika vipande vikubwa, ficha kipande kizima, fundisha kwa vilivyobaki, kisha pima kwenye kile kilichofichwa, na urudie kwa kila kipande.

Kwa kipimo cha mwisho cha ramani tumia vituo vya nasibu ulivyovitenga tangu mwanzo na ambavyo modeli haijaviona. Humo viwemo pia vile vilivyoangukia kwenye mipaka, nusu nyasi nusu mchanga. Ni sawa kuifundisha modeli kwa sehemu zilizo safi na zinazofanana, lakini ukipima usahihi kwa sehemu hizo tu unajipa alama za mtihani ulioondolewa maswali magumu. Toa jedwali la makosa kwa kila aina ya makazi, na ukubwa wa hekta ukadiriwe kwa vituo vya kupimia vikiwa na uzito wake, pamoja na mipaka ya uhakika, badala ya kuhesabu pikseli za ramani.

Modeli ikikuonyesha mahali inapositasita, mara nyingi kwenye maji ya tope au kwenye kina cha zaidi ya mita 10, rudi na vituo vya awamu ya pili huko. Weka akiba ya bajeti kwa ajili hiyo, hata robo ya vituo vyote. Vituo hivi viende kwenye kufundisha peke yake, kwa kuwa vimechaguliwa kwa sababu ya ugumu wao na vikitumika kupimia vitaifanya ramani ionekane mbaya kuliko ilivyo. Sehemu ambazo hata baada ya hapo ziko nje ya hali zote ulizozipima zichorwe kwa rangi ya kijivu na ziandikwe "haijapimwa".

Hifadhi orodha ya vituo vyote, vilivyofanywa na vilivyoachwa, ikiwa na majira ya nukta, tabaka, uzito, tarehe, saa na picha, kwenye faili ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua bila kukuuliza. Nakala ya ramani iliyochapishwa ipelekwe kwa masheha na kamati za wavuvi waliokupokea, na yale watakayoyakataa humo, kwa mfano "hapa si nyasi, hapa pana vipande vya mwamba", yawekewe alama na kuwa ya kwanza kuchunguzwa katika msimu unaofuata.